Pua ya Kuazima na Mkebe wa Tano

Wenzangu mnaobaki kwenye baridi ya ghala, mlinipa keki, kadi na saa ya ukutani, nami nikawaahidi hotuba. Sikuitoa, kwa sababu kila nilipofungua mdomo barakoa ilinipanda machoni. Basi hotuba yenyewe ni hii, na uzuri wake ni kwamba mnaweza kuisoma mkiwa mmekaa. Vyeo nilivyopata sitavitaja. Vyote vinaenea nyuma ya kadi ile na nafasi inabaki. Mshahara wangu mnaujua, ni kama wenu. Nitawaandikia habari za pua.

Kazi ya filamu niliianza kwetu Upareni, nikiwa nimetoka chuo cha Biblia. Nilitarajia kupewa mimbari. Dayosisi ikanipa jenereta. Ilikuwa na gari moja la sinema lililozunguka vijijini na filamu za Injili na za kuchemsha maji ya kunywa, na kati ya wahitimu wote ni mimi tu niliyejua kutia mafuta kwenye jenereta bila kujimwagia. Mchungaji alihubiri, mimi nikabadilisha mikanda. Nilijifunza mambo mawili ambayo hayakuwa kwenye mtaala: watu humsamehe mhubiri akichelewa lakini projekta ikisimama hawasamehi, na mkanda ukiuvuta kwa haraka unakatika, ukiubembeleza unakuja. Hilo la pili limenisaidia hata kwenye vikao vya wazee wa kanisa.

Sydney nilifika nikimfuata mke wangu, ambaye ni muuguzi. Tulipanga nyumba Rooty Hill, na baada ya miezi kadhaa nikapata kazi Wetherill Park, kwenye ghala letu hili la kuhifadhi filamu za zamani. Nilielekezwa hivi: ni jengo la kijivu, ndani kuna baridi kali, utapewa koti. Siku ya kwanza nikaingia jengo la kijivu lenye baridi kali, nikapewa koti, glavu na kofia, nikapanga maboksi kwa bidii dakika arobaini nzima, mpaka boksi moja lilipopasuka likamwaga mapaja. Lilikuwa ghala la kuku. Msimamizi wao alisikitika kunipoteza.

Aliyenipokea kwenye ghala la pili alikuwa Mzee Stavro, Mgiriki aliyeendesha projekta tangu ujana wake na ambaye hakuwa na haraka na jambo lolote chini ya jua. Aliitazama ile kofia ya kuku kichwani kwangu, akanikabidhi mkebe wa filamu uliofunguliwa.

"Nusa," akasema.

Nikaingiza pua yote.

"Si hivyo! Unavuta kama mtu wa ugoro. Pungia hewa kwa mkono, ipite mbele yako, uisalimie, basi."

Hivyo ndivyo nilivyojifunza. Filamu za zamani kabisa zilitengenezwa kwa naitreti, kitu kinachowaka kama baruti na kuoza kama nyama. Ikiwa nzima hunukia kafuri kwa mbali. Ikianza kuugua hunuka soksi. Baadaye hutoa povu la rangi ya asali, na mwisho huwa unga wa kahawia, ambao ukipata joto hauhitaji kiberiti. Filamu za baadaye, za asetati, haziwaki. Hizo hugeuka siki. Macho yanachelewa, alisema Mzee Stavro, pua inawahi.

Alikuwa na chupa tano za kufundishia, zimeandikwa namba tu. Ya kwanza siki, ya pili kafuri, ya tatu kipande cha soksi, ya nne chembe za ule unga zilizozimwa nguvu. Ya tano aliiita dawa ya kusafishia gundi. Hiyo ya tano ilikuwa na harufu tamu, kama ya bizari tamu, na Mzee Stavro aliitunza kuliko zote. Kila Ijumaa alasiri alikwenda kuikagua peke yake na kurudi mchangamfu. Alipostaafu alinirithisha chupa zote tano. Nami kwa miaka mingi nimewafundisha wengi wenu kwa chupa hizo, na soksi nilikuwa nabadilisha mwenyewe, kutoka akiba ya nyumbani. Sasa mnajua.

Kesi ngumu zilikuwa nyingi. Harusi iliyogeuka siki kabla ndoa yenyewe haijageuka. Mkebe uliokuwa na mkate wenye jibini, umefungwa vizuri na kupewa namba ya kumbukumbu. Mkebe mwingine ulikuwa na majivu ya binadamu. Nikauombea, nikaurudisha kwa wenyewe, wakasema walikuwa wanamtafuta. Lakini mnaniuliza kila mara kuhusu mkebe mmoja tu, na mnapeana habari zake zikiwa zimeongezwa chumvi. Haya, ilikuwa hivi.

Wakati wa korona eneo letu lilifungwa kuliko mengine. Tulioruhusiwa kwenda kazini tulichokonolewa pua kila baada ya siku chache, na mimi nilisimama kwenye foleni ile nikiwaza kwamba wanachokonoa chombo cha kazi bila kuniomba ruhusa. Siku moja chombo kikajibu ndiyo. Niliugua wiki mbili, mke wangu akanilisha kupitia mlango. Nikapona. Nilimshukuru Mungu kwa mapafu, kwa sababu wengine kanisani kwetu hawakurudishiwa yao. Kisha nikainama juu ya kikombe cha chai ya tangawizi, na chai haikuniambia kitu.

Nilinusa siki, kimya. Soksi, kimya. Nikajiambia nitasubiri, maana nimefundishwa subira. Nikarudi kazini na sikumwambia mtu.

Wiki hiyohiyo ikaja mikebe mitano kutoka Rooty Hill, mitaa miwili tu kutoka kwangu. Ilikuwa kwenye gereji ya Bi Doris, mama mwenye umri wa zaidi ya miaka tisini, ambaye alikuwa amehamia nyumba ya wazee Campbelltown. Mpwa wake aliikuta nyuma ya mashine ya kukatia majani wakati anasafisha nyumba iuzwe. Juu ya mikebe kulikuwa na karatasi yenye jina la filamu ya vita, filamu isiyo na sauti, ambayo wataalamu walikwisha kuiandika kuwa imepotea. Ilikuwa imebaki picha yake moja ya tangazo. Walipigia picha vita hivyo kwenye ufuo mmoja wa hapahapa Sydney, na wanajeshi walikuwa wafanyakazi wa viwandani waliopewa bunduki za mbao na chakula cha mchana.

Mmoja wao alikuwa baba yake Bi Doris. Baba huyo alifariki wakati Bi Doris akiwa bado kwenye nepi. Mama huyu alikuwa na picha yake moja, ya kijana mwenye masikio yaliyosimama kama vishikio vya sufuria. Hakuwahi kumwona akitembea.

Alinipigia simu ghalani mwenyewe. "Wewe ndiye Eliya?"

"Ndiye mimi, Bi Doris."

"Umemwona baba yangu?"

"Bado. Hatujafungua."

"Basi fanya haraka. Mimi si filamu, hakuna atakayeniweka kwenye baridi nikae miaka mia nyingine."

Tatizo lilikuwa hili. Mnaijua kanuni: mkebe wa naitreti ukiingia lazima unuswe na mwenye cheti, ukionekana umekufa unaondoka na lori la Ijumaa kwenda kuchomwa. Usiponuswa nao unaondoka, kwa sababu wazima moto hawapendi mafumbo. Ninyi niliowafundisha hamkuwa na cheti bado, mwenye cheti mwingine alikuwa ng'ambo ya mpaka wa jimbo, na mpaka umefungwa. Ningesema pua yangu imekufa, mikebe yote mitano ingepanda lori. Na siku hiyo ilikuwa Jumanne.

Nilikaa kwenye ngazi ya chumba namba mbili nikiomba. Mama Divine akapita na ndoo yake. Wengi wenu mnamjua kama mkuu wenu wa sasa, lakini wakati huo alikuwa anasafisha sakafu. Ni Mrundi, alilelewa kambini kule Kigoma, na huwa haombi ruhusa ya kuuliza.

"Papa, kwa nini unakaa kama mtu amefiwa?"

Nikamwambia. Sijui kwa nini nilimwambia yeye. Labda kwa sababu ya Kiswahili.

Akacheka mpaka barakoa ikaingia na kutoka kama samaki anayehema. "Ni hiyo tu? Lete hiyo mikebe. Mimi pua yangu ni ya kambi. Nilikuwa najua maharage ya jirani imeungua kabla jirani hajajua."

Chumba kiliruhusu mtu mmoja kwa wakati. Nikasimama nje ya mlango, yeye ndani, nikamfundisha kupungia hewa na kusalimia. Mkebe wa kwanza: "Hii imekufa, Papa. Inanuka kama choo ya kambi siku wameweka dawa." Wa pili, wa tatu na wa nne ilikuwa vivyo hivyo, na nilipochungulia kwa macho niliona unga. Wa tano alikaa nao kidogo.

"Hii bado. Kuna kafuri. Nyuma yake, mbali kabisa, kuna soksi. Lakini soksi ya mtoto, si ya mwanaume."

Nikarudi mezani kujaza fomu. Fomu inauliza: Je, mkebe umenuswa? Nikaandika: Ndiyo, umenuswa. Nikaandika na maelezo ya harufu. Sikuandika uongo hata neno moja, na nilijua vizuri sana kwamba sikuwa nimeandika ukweli. Mtu aliyesoma Maandiko miaka yote hiyo anajua tofauti, ndiyo maana dhambi yake inakuwa nadhifu zaidi.

Megan, meneja wetu, alikuwa anafanya kazi nyumbani kwake, yeye na paka. Alhamisi akanipigia simu ya video.

"Eliya, minne nimekubali ichomwe. Huu wa tano picha zinaonyesha kutu nyingi. Nataka uunuse tena nikiwa nakuona. Nikitosheka, unabaki."

Nikamtazama Mama Divine kupitia dirisha la mlango. Mama Divine akaweka ndoo chini. Bila kusemezana tukapanga kama wezi wazoefu: yeye atafungua mkebe na kunusa kabla, kisha atasimama pembeni nje ya kamera na kunionyesha kwa vidole. Kimoja kafuri, viwili soksi, vitatu asali, na kuendelea. Milango ikafunguliwa hewa ipite, tukasimama mbalimbali, nikaweka simu mezani.

Nikauinua mfuniko. Nikapungia hewa kwa madaha ambayo Mzee Stavro angeyaonea fahari. Nikafumba macho. Nikafumbua moja. Mama Divine alikuwa ameinua vidole viwili, lakini cha pili akikikunja nusu, kuonyesha ni soksi ya mtoto.

"Kafuri," nikasema, "na soksi. Nusu ya soksi."

Megan akasogeza uso karibu na kioo. Paka wake akapita mbele ya kamera, akarudi.

"Eliya."

"Naam."

"Ule mfuniko unang'aa kwa ndani kama kioo. Mwambie mama mwenye vidole ainame kidogo, kichwa chake hakionekani vizuri."

Nimesimama mbele ya maaskofu, nimesimama mbele ya maofisa uhamiaji, sijawahi kutafuta pa kuweka uso kama siku ile. Mama Divine akasogea mbele ya simu, akapunga mkono. "Habari, shefu," akasema, yaani bosi.

Nikasema yote. Kwamba pua imekufa tangu nilipougua, kwamba nilinyamaza kwa sababu ya Bi Doris, na pia, niseme kweli, kwa sababu ya kiburi, maana bila pua nilijiona mzee tu mwenye koti. Nikamwomba msamaha. Nikamwambia anaweza kunipeleka mimi na lile lori.

"Nilishajua kuna kitu," akasema Megan. "Miaka yote ripoti zako zina maneno matatu. Juzi naletewa 'choo ya kambi siku wameweka dawa'. Nikasema, ama Eliya ameanza kutunga riwaya, ama si yeye." Akakuna paka. "Lakini kanuni ni kanuni. Mnusaji lazima awe amefaulu mtihani, na wa kuutoa ni mwenye cheti. Wewe cheti unacho. Pua sijaona mahali imeandikwa."

Nikawaza sekunde moja tu, kisha nikaenda kuchukua chupa tano.

Mama Divine alifungwa macho kwa kitambaa safi. Ya kwanza: "Siki." Ya pili: "Kafuri." Ya tatu: "Soksi. Ya mwanaume, na huyo mwanaume anatembea sana." Nikakohoa. Ya nne: "Hiyo imekufa, funga haraka." Nilishafunga.

Ya tano akapungia mara moja. Akapungia tena. Akashusha kitambaa, akanitazama kwa huruma nyingi.

"Papa, hii ni nini umeambiwa?"

"Dawa ya kusafishia gundi."

"Papa, hii ni pombe."

Megan akaangua kicheko mpaka simu ikakwaruza. Nami ambaye tangu kubatizwa sijawahi kuonja hata tone, nikasimama nikiwa nimeishika kwa mikono miwili kama chombo cha madhabahuni, nikikumbuka Ijumaa zote zile, na vijana wote niliowaambia waisalimie kwa heshima. Mungu ampumzishe Mzee Stavro. Kwa miaka yote ile gundi yake haikuwahi kuwa chafu.

Mama Divine alifaulu tano kwa tano, kwa sababu jibu lililokosewa lilikuwa la mtahini. Megan akasaini. Ijumaa lori likaondoka na mikebe minne.

Kuufungua mkanda kulichukua siku nyingi. Ulikuwa umekauka na kunywea, kila mzunguko umeng'ang'ania mwenzake. Nitawaambia nilichofanya, kwa sababu mtakikuta tena: sikuuvuta. Niliugeuza taratibu, nikauacha upumue, nikaugeuza tena, robo ya mzunguko asubuhi na robo jioni, na katikati nikisoma Zaburi. Bi Doris alipiga simu kila Jumatatu.

"Umemwona?"

"Nimeona mguu wa mtu."

"Baba alikuwa na miguu miwili. Ongeza bidii."

Wiki moja hakupiga. Ya pili hakupiga. Kwenye nyumba yao korona ilikuwa imeingia. Nilikuwa nimefika robo tatu ya mkanda, na mikono ilitaka kuvuta. Mama Divine, ambaye sasa alikuwa na koti lake na jina lake mlangoni, alinishika mkono wa shati. "Papa, ukikata hiyo, utamwambia nini akipona?" Nikaacha. Tukaomba, yeye kwa Kirundi, mimi kwa Kipare, ili tusirudie maneno.

Jumatatu ya tatu simu ikalia. Sauti ilikuwa nyembamba. "Bado niko. Wewe?"

"Bado nipo, Bi Doris. Na mkanda nao."

Fundi wa maabara alinakili picha moja moja. Wataalamu walitarajia filamu nzima. Zilipatikana dakika tatu na kidogo, tena kutoka katikati. Waliandika barua ya shukrani yenye huzuni. Mimi sikuhuzunika, kwa sababu nilikuwa nimeshaziona hizo dakika tatu, na nilikuwa nimeona masikio.

Wageni waliporuhusiwa tena, wawili kwa wakati, mimi na Mama Divine tulipanda treni mpaka Campbelltown, safari ndefu ya kumaliza mazungumzo yote, na tulivikwa barakoa mpya mlangoni. Muuguzi, dada Mkenya, alitupima joto na kutuambia, "Ameamka tangu alfajiri anachana nywele. Msimchoshe. Na mimi nitasimama hapahapa, si kwa sababu ya kanuni, nataka kuona."

Bi Doris alikuwa mdogo kuliko sauti yake. Nikaweka tableti juu ya meza ya kulia. Akaweka picha ya baba yake kando yake, ili, alisema, wasije wakamdanganya na baba wa mtu mwingine.

Picha ikaanza. Ufuo, moshi, watu wanakimbia bila sauti. Kijana mwenye masikio anatoka upande wa kushoto, anakimbia kama mtu aliyechelewa basi. Bi Doris akashika ukingo wa meza. Kijana anapigwa risasi, anainua mikono juu kuliko inavyohitajika, anazunguka mara moja na nusu, anaanguka. Wenzake wanamruka. Vumbi la mchanga linamshukia usoni. Amekufa vizuri sana, mikono kifuani, na kamera imemlenga usoni.

Kisha ule uso uliokufa ukaanza kukunjamana. Pua ikapanda. Mdomo ukafunguka. Na marehemu, katikati ya vita, akapiga chafya kubwa iliyomwinua kichwa na masikio yake yote kutoka mchangani, akatazama kamera kwa hofu, akarudi kufa haraka.

Kwa mazoea ya miaka ile, wote wanne chumbani tulirudi nyuma hatua moja na kushika barakoa zetu, hata Bi Doris akiwa kwenye kiti. Halafu muuguzi akaanza kucheka, Mama Divine akafuata, nami nikafuata.

Bi Doris hakucheka. Alikuwa amejisogeza mbele tena, karibu kabisa na kioo, amemkazia macho. Akakigusa pale penye uso.

"Ubarikiwe, Baba," akasema, kama wasemavyo huku mtu akipiga chafya.

Nikasema amina.